Mguu wa Tatu

Gitaa la Kalisti Ndomba halibebwi begani.
Lina miguu minne kama meza ya chai,
nyuzi kumi, pedali tatu za kukanyaga,
na tangu Jumanne linaunguruma
kabla hajaligusa.

Alilipata kwenye mnada wa bandarini,
mzigo usio na mwenyewe.
Alidhani ananunua cherehani.
Miaka tisa sasa linamlisha
hapa baa ya Mama Sekela, Tandika,
Ijumaa na Jumamosi, na misiba ikitokea.

Nimekuja na mita, bisibisi, waya wa risasi.
Wamenitangulia mafundi watatu.
Wa kwanza alisema spika.
Wa pili alisema jini, akadai ubani.
Wa tatu alikuja na koleo mkononi:
"Kata mguu wa tatu wa plagi, kaka, kelele itakufa."
Itakufa, ndiyo.
Nilimjua mwimbaji wa Keko
aliyeshika maikrofoni ya vifaa vilivyokatwa hivyo,
midomo imelowa bia.
Sikati.

Naanza na masikio.
Kuna mvumo, kuna mkwaruzo; si ndugu hao.
Mvumo ni mzito, hukaa tumboni.
Mkwaruzo ni nzi ndani ya chupa ya soda.
Hapa wamekuja wote wawili, na mabegi yao.

Nazima friji la bia. Mama Sekela ananitazama
kana kwamba nimemziba mwanawe pua.
Nzi yumo.
Nazima tyubulaiti: nzi anapunguza sauti, hatoki.
Nageuza gitaa upande wa Mtoni, mvumo unashuka;
nalielekeza kwenye nguzo ya umeme, unapanda.
Nafungua tumbo lake. Risasi kwenye jeki imepauka;
naichoma upya, inang'aa kama jicho la samaki mbichi.
Afadhali. Bado.

"Shika nyuzi," namwambia.
Anaweka kile chuma chake cha mviringo,
na kelele inakatika, kap!
"Toa." Inarudi.
"Weka." Inanyamaza.
"Toa."
Tunacheza hivyo kama watoto na swichi
hadi namwona miguuni: kandambili, moja imeshonwa.
"Vua."
Unyayo kwenye saruji mbichi,
na kimya kinakuwa kimya kweli.
"Unasikia nini?"
"Sisimizi, fundi. Wananipanda mkononi."
"Tangu lini?"
"Tangu… nilidhani ni uzee."

Basi ardhi ya gitaa ni Kalisti mwenyewe.
Umeme uliopotea njia
unashukia kidoleni, unapita kifuani,
unatokea unyayoni kama mpangaji
anayepita sebuleni kwa watu kwenda chooni.

Nafuata waya wa kijani.
Plagi nzima, mguu wa tatu upo.
Soketi nzima. Waya unashuka ukutani,
unazunguka choo, unaingia kwenye majani,
na hapo umekatwa.
Shimo tu, jembamba, lenye maji na kizibo cha bia.
Fimbo ya shaba imeng'olewa.
Imeshapimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu,
imeshakuwa unga wa mtu.

"Jumatatu usiku mbwa walibweka," anasema Mama Sekela.
"Nikasema, wacha wabweke."

Tumsime amekwenda Gerezani, amerudi na fimbo mpya.
Tumeipigilia kwa nyundo ya kuvunjia kokoto,
tukamwaga mkaa, chumvi,
na ndoo mbili za maji yaliyooshea glasi.
Juu yake zege. Aje sasa na sururu.

Saa kumi na moja Kalisti akakaa,
akavaa kandambili, akakanyaga, akavuta noti moja ndefu
hadi mbuzi wa jirani akaacha kutafuna.
Kisha akainua mikono yote miwili.

Hakuna kitu.
Friji likanguruma kwa mbali, kizibo kikadondoka.
Akajaribu tena: kushika, kuachia. Kushika, kuachia.

"Limepona," nikasema. "Elfu arobaini, fimbo mbali."

Hakunijibu mara moja. Alikuwa anaangalia viganja vyake.
"Lilikuwa likiniita, fundi,
kila nilipoliacha."