Taa ya Kumi na Nne

Haikufa. Ingekufa ningeizika,
ningeweka glopu mpya nikaenda kulala.
Ilizimika kama mtu anayesinzia msibani,
ikashtuka, ikawaka, ikajifanya haikuwa yenyewe.

Kila usiku, tendo la tatu,
Tsiala akifika kwenye kiti cha marehemu mumewe
na kuuliza, "Nani amefungua dirisha?"
giza linamwangukia begani:
nusu ya uso inabaki, nusu inaondoka.
Watazamaji wa Kutaisi walidhani ni sanaa.
Mwongozaji, Avtandil, hakudhani.
Alimtuma kijana wa tiketi:
"Mwambie Nanuli, ama taa hiyo ama yeye."

Basi asubuhi, jumba tupu,
baridi ya Februari imekaa vitini kama watu waliolipa,
nikapanda ngazi.

Nilibadilisha glopu. Kwa glavu,
maana kidole kina mafuta
na kioo cha moto hakisamehe alama ya kidole.
Ikawaka vizuri.
Usiku ikazimika palepale.

Nilibadilisha njia: waya wake nikauchomeka kwenye tisa,
wa tisa nikauleta kwake.
Ugonjwa ukiwa wa mtambo, utabaki mtamboni;
ukiwa wa taa, utaifuata taa.
Ukaifuata.
Nikaipapasa kebo toka plagi hadi shingo,
inchi kwa inchi, kama anayetafuta sindano ndani ya sweta.
Mita ikasema njia ni nzima.
Mita haisemi uongo,
ila hujibu ulichouliza tu,
na mimi nilikuwa nimeiuliza taa iliyopoa.

Nikampigia Nugzar, aliyestaafu
na goti bovu na kuku kumi na mmoja.
"Unapima asubuhi," akasema, "kitu kinachougua usiku.
Iwashe. Ngoja. Iache ipandwe na homa yake."
Nikasikia kuku. Akakata simu.

Nikaiwasha, nikakaa juu ya ngazi na mkate wa jibini.
Dakika kumi. Kumi na tano.
Chuma kikaanza kutanuka, ti, ti,
vumbi likanuka kama pasi iliyosahaulika.
Dakika ya ishirini na tatu
kitu ndani kikasonya,
msonyo mdogo tu, wa mkwe aliyechoka,
kisha giza.

Nikachomoa plagi, nikangoja ipoe, nikafungua.
Soketi: kauri ina ufa mwembamba kama unywele,
springi imelegea, haibani tena,
na mguso wa kushoto umeliwa,
mweusi, una vishimo kama jino la mlevi wa sukari.
Hata glopu yangu ya siku nne
pini yake ilikwisha kupata doa lilelile.
Kumbe nilikuwa nabadilisha wageni
na kunguni wako kitandani.

Soketi mpya, lari thelathini na mbili,
ilikuja toka Tbilisi kwa basi, mapajani mwa mtu.
Glopu mpya pia, kwani ile yenye doa
ingemwambukiza mwenyeji.
Nikaiwasha saa mbili nzima.
Haikukohoa.

Usiku ule, tendo la tatu.
Tsiala akafika kwenye kiti.
"Nani amefungua dirisha?"
Mwanga ukasimama, haukutikisika.
Yeye akageuza uso kidogo kushoto,
akainua bega,
akangoja.

Kibandani, vidole juu ya vitelezi, ndipo nikaelewa:
wiki tatu alikuwa amelishonea giza lile
ndani ya maneno yake,
pumzi moja ambayo hakuna aliyemwandikia.
Sasa alikuwa amesimama pale uchi wa mwanga,
kama mtu aliyenyoosha mkono
na hakuna wa kuupokea.
Mstari wa tano, Avtandil amekunja mikono, ameridhika.

Nikaivuta kumi na nne chini, kwa mkono.
Moja. Mbili.
Nikairudisha.

Kwenye daftari la matengenezo niliandika:
Taa 14. Soketi imebadilishwa. Nzima.