Sanduku la Mwisho

Ukutani, kati ya saa iliyogoma na kalenda ya saruji,
umetundikwa mchoro wa muundo wa kampuni yetu.
Juu kabisa Bodi: majenerali wastaafu watatu, mwanasheria mmoja.
Chini yake Dodoma, chini ya Dodoma Kanda,
chini ya Kanda Meneja wa Tawi la Tanga, Meja mstaafu Shekiondo,
ambaye hadi leo huvaa saa uso ukitazama ndani ya mkono.
Chini yake mimi, Mwanaidi Hoza, Ofisa Mikopo Daraja la Pili.
Hapo mstari haushuki tena.

Wateja wetu ni askari tu.
Bima, makato ya mshahara, kiinua mgongo.
Nilipoajiriwa nililipenda sana neno hilo.
Kisha nikaona: mtu aliyebeba begi na bunduki miaka ishirini na moja
anafika dirishani, nampa karatasi yake,
naye anainama kuisaini.

Bango linasema HAPA CHEO NI NAMBA YA FOLENI,
lakini akiingia kapteni foleni yenyewe hupinda.
Koplo Mhina alikuja na hasira za riba;
alipomwona Meja, visigino vikagongana.
"Ndiyo afande," mara tatu,
akaondoka na riba ile ile
na mkopo wa nyongeza.

Kila robo mwaka tunapeleka taarifa.
Sehemu ya Nne: Mazingira ya Biashara.
Meja huandika, Tulivu,
kama alivyoandika zamani kwenye kitabu cha lindo.
Ningeulizwa mimi:
ng'ambo ya barabara, benki ya kijani inakopesha kwa nusu saa
na mwavuli wa bure juu.
Simu inamkopesha askari akiwa zamu.
Barabara ya Nane wapo kausha damu wawili
wanaoijua tarehe ya mshahara kabla ya mlipaji.
Viwanja vya Pongwe vimepanda, kila sajenti anataka chake,
na barua ya uhamisho haiulizi unadaiwa na nani.

Jumanne alikuja Mwanakheri.
Mumewe yuko ulinzi wa amani, nchi ya mbali,
sauti yake hufika Ijumaa, mtandao ukipenda.
Paa lao kule Mwakidila limeng'oka upande mmoja.
Alitaka laki nne, kwenye akiba aliyoijaza mwenyewe kwa kuuza visheti,
kwa jina la mume.
Nikampa fomu namba saba.
Fomu namba saba inataka sahihi ya askari.
Aliisoma yote, hadi jina la mchapaji kule chini,
kisha akautazama ukuta kwa muda mrefu.
"Na mimi hapo ni sanduku gani?"

Nikasema, ngoja nimuulize Meja.
Meja akasema ngoja aulize Kanda.
Kanda wakauliza Dodoma.
Dodoma wakajibu: Bodi hukaa mwezi wa tisa.

Alhamisi nilimwona akitoka benki ya kijani
na mwavuli wao, haujafunguliwa.
Hakunikwepa. Alinisalimia vizuri,
akauliza hali ya mguu wa mama.
Hilo ndilo lililoniuma.

Leo Meja yuko msibani Muheza.
Taarifa imebaki mezani kwangu.
Sehemu ya Nne nimeandika neno moja, Mvua,
nikabonyeza kutuma.
Mistari ile naijua inavyoshuka.
Sijawahi kuona
kama kuna kitu hupanda.