Inchi Mbili na Robo

Bahasha niliinunua kwa peni hamsini
katika duka la hisani, Barabara ya Narborough, Leicester,
chini ya kanda za video na vijiko vya ukumbusho.
Juu yake mwanamke wa kuchorwa, kiuno cha nyigu,
sketi imemwagika kama kengele,
mkono mmoja una glavu, mwingine hauna,
anatazama pembeni kama aliyeitwa na mtu asiyempenda.
Bei ya zamani bado ipo: shilingi mbili na nusu.
Nikacheka. Kumbe hata huku palikuwa na shilingi.

Kitambaa nilikipata kwa Hansaben, kule Belgrave,
mzaliwa wa Mwanza, ambaye Kiswahili chake
kimebaki na umri wa miaka kumi na mmoja:
"Wewe nataka ngapi? Chukua mita nne, usibane-bane.
Sketi hii nakula nguo sana."
Sufu nyepesi, rangi ya ganda la komamanga lililokauka.
Akapima kwa yadi ya mbao, akazidisha kiganja,
akaniomba nisimwambie mwanawe.

Usiku nisio na zamu nikatandaza karatasi sakafuni,
nyembamba kama ngozi ya kitunguu:
ukikohoa, inahama chumba.
Vipande sita vya mwili, mkanda wa kiuno,
mishale inayoamuru uzi uelekee wapi,
na namba. Ishirini na sita.

Kanga haijawahi kuniuliza kipimo.
Ina mji, ina pindo, ina neno lake;
unanenepa, unakonda, unazaa,
yenyewe inafunga tu, haina kinyongo.
Karatasi hii inataka hesabu.
Nikajipima nimebana pumzi.
Nikajipima tena, sasa bila uongo.

Ndipo nikaona, ubavuni mwa kipande cha mbele,
mtu alibandika ukanda wa gazeti,
gundi imegeuka rangi ya chai.
Matokeo ya mpira. Bei ya siagi. Nusu ya uso wa farasi.
Na kwa penseli, mwandiko uliolala:
ongeza hapa inchi na robo, baada ya Keith.

Keith simjui. Mtoto, nadhani.
Ingawa mume naye, akiondoka,
humwacha mtu peke yake na mkate na siagi.

Inchi yake na robo haikunitosha.
Nikaikata ratiba ya zamu ya mwezi uliokwisha,
pale penye Jumanne niliyokesha chumba namba tisa
nikiushika mkono ambao wenyewe hawakufika,
nikabandika juu ya gazeti lake inchi moja zaidi.
Nikaandika: ongeza hapa, baada ya
na penseli ikasimama.

Mkasi haujui kuomba radhi, kwa hiyo nilikata polepole.
Bandi kwanza. Kisha cherehani.
Zipu niliifumua mara tatu;
mara ya tatu nilikuwa nimeitia kichwa chini.
Saa tano jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio,
nikamalizia pindo kwa mkono, chini ya taa ya jikoni.
Miaka tisa nimeishi pembeni mwa mji huu,
penye pindo lake, nikidhani limepindwa na wengine.
Uzi ukakatika. Nikaulamba, nikautunga upya.

Alfajiri nikaivaa, na sweta ya kazini, na viatu vya mpira,
nikatoka kuburuta pipa la taka hadi njiani.
Upepo ukaingia chini,
vipande sita vikainuka pamoja.
Mshono wa kushoto umevuta kidogo. Najua.
Dereva wa gari la taka akapiga honi, fupi,
na mimi, mkono mmoja una glavu, mwingine hauna,
nikatazama pembeni.