Dole Gumba

Miaka tisa nashona mavazi yao ya mpira
kibarazani kwangu, Msasani, nyuma ya mnada wa samaki.
Najua nani kanenepa, nani kakwaruzwa na mwamba,
nani kakojoa humo ndani akaapa ni maji ya chumvi.
Safari hii Mwinyimvua hakuwa na hela.
"Nitakulipa kwa kukuzamisha," akasema.
Nikacheka. Jumamosi nikaenda.

Mitungi nimebeba sana, ya maji, ya gesi.
Huu ndio wa kwanza kunibeba.

Karibu na Bongoyo, mita nane chini,
nilijisikia kwanza mwenyewe: foo, foo,
cherehani kuukuu inayolilia mafuta.
Kisha kra, kra, kama mtu anatafuna barafu.
Pono!
Sisi tulioamshwa kwa matusi, "unalala kama pono,"
tulisingiziwa na watu waliomjua sahanini.
Pono yuko kazini. Anang'ata tumbawe,
nyuma anaachia mchanga, mweupe, laini,
ule ule wanaoulalia maharusi wapigwe picha.
Ningewaambia, ila mdomo wangu ulikuwa na kazi.

Nikaona kiti cha pweza, mwenye kiti hayupo.
Mkunga, kinywa wazi, kama mteja anayengoja chenji.
Vijisamaki vya rangi ya chungwa
vinajifunika, vinajifunua,
watoto na pazia siku ya mgeni.
Rangi nyingine sina uzi wake.

Halafu shimo.
Duara, kijivu, upana wa chumba changu na cha jirani.
Alama hiyo naijua: pasi iliyosahauliwa juu ya hariri.
Mwinyimvua alifumba ngumi,
akaifumbua ghafla.
Baruti.
Hapo hapakuwa na anayetafuna.

Nikainama, mazoea ya fundi,
kutafuta kiraka kianzie wapi.
Na juu ya kifusi, kifungo.
Cha shati la mtoto, zambarau, hai.
Kingine. Vinne. Nilifika kumi na kimoja.
Ishara zote alinifundisha nchi kavu;
furaha ilizifuta.
Nikamgeukia, nikamwinulia dole gumba:
Safi!

Kumbe huku chini dole maana yake tupande.
Akanishika mkono. Nikatikisa kichwa,
akadhani nimezidiwa, akanishika vizuri zaidi.
Dakika tatu tumening'inia kwenye kamba, mita tano,
yeye anatazama saa,
mimi natazama vifungo vikirudi kuwa kijivu,
kijivu kikirudi kuwa buluu.

Juu nikamweleza, nikamweleza tena.
"Dole ni dole, Bi Chausiku."
Mtungi ulibaki nusu.

Leo vazi lake liko mezani, goti limechanika upya.
Sijaligusa.
Yeye ananidai goti,
mimi namdai nusu mtungi wa hewa.