Mstari Ulioshuka

Baba akisikia transista
anakumbuka redio yenye koti la ngozi,
betri zikianikwa juani zifikie taarifa ya saa mbili.
Nikamwambia, hii yangu haiimbi. Inasikiliza.
Akacheka. "Inasikiliza nini?"

Protini ya moyo uliojeruhiwa, baba,
inavyonasa kwenye kingamwili.
Nikaona nimesema mengi, nikamshika kiganja.
Bado kina makovu ya mkonge:
miaka thelathini na moja kwenye korona,
akiupima uzi kwa kidole gumba,
huu daraja la kwanza, huu wa kutupa.

Uzi wangu hauguswi.
Ni bomba la kaboni, ndugu wa makaa ya jikoni,
lakini pasua unywele mara elfu hamsini
ndipo upate kipande cha kulingana nalo.
Umeme hupita humo
kama mtu anayevuka ukumbi wa watu waliolala;
mmoja akimgusa nguo tu, mwendo hubadilika.

Chumba chetu kiko Chumbageni, ghorofa ya pili,
juu ya fundi cherehani.
Mashine zake zikianza, mstari kwenye kioo hutetemeka,
basi tunapima Ijumaa, saa saba hadi saa nane,
yeye akiwa msikitini.

Mwezi mzima hatukusikia kitu.
Mhina alisema kingamwili zimekufa njiani.
Mimi nilisema chumvi.
Maji yakikolea chumvi, chaji ya protini hufunikwa,
ni kumwita mtu kwa kunong'ona
katikati ya soko la Mgandini.
Tukazimua. Mara kumi, haikutosha.
Mara mia.

Tulianza na albumini, mgeni asiyehusika.
Mstari ulimpita bila salamu.
Kisha tukadondosha ile yenyewe,
tone ambalo nzi angelinywa akabaki na kiu.
Na mstari ukashuka.
Haukuanguka. Ulishuka
kama mjamzito anavyokaa mkekani,
anapapasa, anatafuta pahali, anatua.
Tukaosha. Ukabaki pale pale.
Mhina alivua miwani, akaifuta,
akaivaa, akaifuta tena.

Mwaka juzi mjomba Semboja alilalamikia kifua,
akapewa dawa ya kiungulia.
Alfajiri tulimkuta ameegemea mtungi,
kata bado mkononi.
Sikumtaja siku ile.
Jedwali letu halina safu ya jina lake.

Fundi akarudi, cherehani zikaanza.
Jumatatu chipu ile ile ilikaa kimya:
unyevu wa bahari, labda, au mikono yetu.
Niliandika daftarini saa, kiasi, joto la chumba,
na chini yake neno moja, rudia.

Kila jioni baba huuliza,
"Imesikia?"
Mara moja, baba.
Ilisikia mara moja.