Gugu la Arpenik

Miaka hamsini na mitatu bibi yangu Arpenik
ameinama kwenye mteremko huu, juu ya korongo la Azat,
aking'oa gugu lile lile.
Halikuwa na jina. "Lile," alisema, na mkono ukafuata.

Suke lake jembamba: vipipa vidogo vilivyobebana,
ganda gumu,
hata jino la punda lilifikiri mara mbili.

Huota katikati ya ngano likijifanya ngano.
Kimo ni kile, kijani ni kile,
kisha siku moja, mundu haujanolewa bado,
hujivunja lenyewe, kiungo kwa kiungo,
likajimwaga chini.
Ngano humngoja mvunaji.
Hili halimngoji mtu.

Jumanne alikuja kijana kutoka Yerevan, Zhirayr,
miwani imefungwa kwa waya,
mfukoni bahasha za kaki.
Akapiga magoti mbele ya lundo la palizi
akaokota masuke kwa vidole viwili,
kama mtu atoaye mwiba kisiginoni mwa mtoto.

"Mama, huyu ni mzazi.
Zamani mno, pembezoni mwa shamba la mtu tusiyemjua,
upepo uliwakutanisha, huyu na ngano.
Unga wako ukivutika, donge likiumuka,
ni damu ya upande huu."

Nilidhani anatupigia ngano juu ya ngano.
Bibi alifuta mikono kwenye aproni.
Alimtazama kijana. Akalitazama lundo.
"Hamsini na mitatu," alisema,
"na hakuna aliyetutambulisha."

Akamkatia mkate wa tanuri, jibini, majani ya tarkhuni.
Kijana alikula huku anaandika:
tarehe, mwinuko, namba kumi na nne.
Pale penye jina la mkusanyaji aliandika lake.
Alipopanda basi niliona
kipipa kimoja kimenasa kwenye soksi,
kinakwenda mjini bila bahasha.

Jana nimemkuta bibi shambani, mgongo vilevile,
anang'oa.
"Ndugu ni ndugu," alisema, "lakini shamba ni shamba."

Ila pale kwenye kona ya ukuta wa mawe,
ambako trekta haifiki,
mabua matatu yamesimama.
Nilipomwonyesha akalaumu macho, uzee huu.
Macho hayo hayo
jioni ile yalihesabu kuku gizani,
yakasema mmoja hayupo.