Ribiti Mbili

Ua lenye petali sita, dogo kuliko punje ya hindi.
Kichwa tu ndicho ua.
Chini yake kijiti cha chuma,
cha kupita tunduni na kutorudi.

Hilo tu ndilo lililokuwa limesalia.
Injini nilikwisha ifumua na kuifunga mara mbili.
Viti vilishonwa na mama mmoja wa Negaunee
aliyejifunza sindano kwenye matandiko ya farasi.
Rangi ikarudi, kijani cha chupa,
kama siku baba aliposhuka nalo kilimani
na wachimba madini wenzake wakaacha kula.

Ila fundi wa rangi, kijana Darrow,
alitaka kuipuliza nguzo ya mlango bila bughudha.
Akakitoa kibati cha namba kwa drili,
akanikabidhi ndani ya bahasha ya risiti:
"Si utakirudishia kwa skrubu?"

Kwa skrubu!
Askari akiinama na tochi pale mlangoni
hatazami rangi.
Anahesabu petali.

Nikapiga simu Ohio. Nikapiga Kanada.
Za bei rahisi zikaja kwa posta, zina petali tano.
Mzee wa Windsor alikata simu kabla sijamaliza neno "ribiti",
wala simlaumu:
anayezitafuta ni mmoja wa wawili,
mwenye gari au mwizi wa gari,
na kwenye simu sauti zao ni moja.

Bernadeta Przybyla, wa Saginaw, hakukata.
Alisema: "Lilete. Lote. Na kibati."

Novemba, daraja la Mackinac,
upepo ukilitikisa trela kama unadai deni.
Saa sita za njia kwa kitu cha kukaa chini ya ukucha.

Miaka sabini na tisa, ovaroli ya mumewe,
akatandika boksi juu ya theluji akalala chali,
akaingia chini ya gari na karatasi na penseli.
Nikasikia penseli ikisugua fremu,
kimya,
ikisugua tena.
Akatoka. Akalaza karatasi kando ya kibati.
Tarakimu kwa tarakimu, midomo ikicheza,
kama anayesoma majina ya marehemu kanisani.

"Reino ni nani?"
"Baba."
"Na mbona hakuja mwenyewe?"
Nikatazama matairi.
Akakohoa. "Haya. Ingia, kuna baridi."

Alikuwa kiwandani miaka ishirini na mitatu,
kumi na mmoja kati yake akifunga vibati.
"Labda mkono huu ndio ulifunga lako," akasema.
"Labda siyo. Yalipita mengi, binti, na mimi nilikuwa nawaza chakula cha mchana."

Chupa ya jemu. Daftari lenye jalada la kitambaa.
Jina langu, namba, tarehe;
mstari wa juu yangu ulikuwa wa miaka miwili nyuma.
Akazitoa mbili kwa kibanio cha nyusi.

Nikaomba ya tatu, ya akiba,
mkono wangu si wa kiwandani, unaweza kukosea.
"Matundu mangapi?"
"Mawili."
Akafunika chupa.
"Ya tatu ni ya mwizi. Dola nne na nusu."

Nilisubiri Jumapili, mtaa umelala.
Ya kwanza ikaingia, nikabana, kijiti kikakatika: tak!
Ua limekaa sawasawa.
Ya pili nilipumua vibaya.
Tak,
na petali moja ikalala kidogo upande wa kushoto.

Nimeitazama sana petali hiyo.
Nimekwenda kunywa kahawa, nimerudi, bado imelala.
Wala siwezi kumpigia Bernadeta,
najua atakachouliza, na jibu bado ni mawili.

Baba naye kofia yake
haikuwahi kukaa wima.